Fundi Anayesubiri Gari Liharibike

Injini iliyokufa haimsumbui fundi mzuri. Imelala, haiendi popote. Ataifungua leo au kesho, na chanzo atakikuta palepale kilipo. Injini inayomtoa fundi jasho ni ile iliyozima saa nane mchana kwenye mpando wa Marangu, ikakubali kuwaka saa nane na nusu, ikateremka yenyewe hadi gereji, na sasa inanguruma vizuri kabisa uani mbele za watu. Dereva anaapa kwa jina la mama yake. Mwenye gari amenuna. Fundi anazunguka lori lisiloumwa, na hao wawili wanachotaka ni kumwona ameshika spana.

Ninayetaka kumsifu hapa ni yule asiyeishika.

Mafundi wa namna hiyo wapo kila penye malori, ila Chekereni panawafaa kuliko sehemu nyingi. Ni kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare ya mpunga inayonyweshwa na maji ya mito Njoro na Rau. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano na Japani, ulikamilika 1987, na chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, kikaanza hapo Chekereni mwaka 1994. Mpunga ukivunwa, Fuso zinaingia mashambani kuchukua magunia. Trekta na pawatila zinapita kwenye tope jeusi. Mbele zaidi kuna mashamba ya miwa ya TPC, Arusha Chini, na upande wa mashariki semi-trela zinakata Himo kuelekea mpaka wa Holili. Huku chini ni mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, joto kali, vumbi tupu. Lori lenye mzigo likitoka hapa, kabla ya saa mbili kwisha linaweza kuwa Marangu, juu ya mita 1,300, limepanda kutoka Himo kwa gia nzito. Ubovu wowote uliojificha kwenye tambarare unatolewa nje na ule mpando. Kisha gari likiteremka, unajificha tena.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaona ubovu wa kuja na kuondoka kama jambo lisilo na kanuni, kama gari lina jini. Fundi ninayemsema haamini hivyo. Kwake ubovu hauji ovyo. Unakuja pale masharti yake yanapotimia. Kuna unaotaka joto. Kuna unaotaka mzigo, au mtikisiko wa barabara mbovu, au tanki lililofika nusu, au mvua iliyonyesha usiku. Mwingine unataka mawili kwa pamoja, ndiyo maana unaonekana kama bahati mbaya. Kwa hiyo yeye anatafuta masharti kwanza na kifaa baadaye. Fundi mwenye haraka anafanya kinyume: anaanza na kifaa. Anabadilisha filta, gari linatulia siku mbili, anasifiwa, siku ya tatu limezima tena. Anabadilisha pampu ndogo ya kuvutia mafuta. Halafu pampu kubwa inafunguliwa na kupelekwa kupimwa. Mwenye gari amekwisha kulipa mara tatu na ugonjwa bado uko na yeye.

Kifaa cha kwanza cha fundi mzuri ni maswali, na maswali yenyewe yanaonekana ya kipuuzi hadi ujue anachokitega.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ilizimaje?"

"Ilizima tu."

"Ilizima kama umekata swichi, au ilikohoa kwanza?"

Dereva anafikiri. Hajawahi kuulizwa hivyo. "Ilikohoa. Nakanyaga mafuta, haiitiki. Ikaenda hivyo kama mita mia, ikazima."

"Moshi ulikuwa wa rangi gani?"

"Moshi? Hakukuwa na moshi."

"Tanki lilikuwa na kiasi gani?"

Kabla hata dereva hajajibu hilo la mwisho, majibu yake yamekwisha kufunga milango kadhaa. Injini inayokatika ghafla, kama mtu amezima taa, mara nyingi imekatiwa umeme: waya, fyuzi, rilei, au ile koili inayofungua na kufunga njia ya mafuta kwenye pampu. Injini inayokohoa na kufifia inakufa njaa. Ikipoteza nguvu huku ikitoa moshi mweusi, mafuta yapo na kilichokosekana ni hewa, na hapo atakwenda kuangalia filta ya hewa na mipira inayoelekea turbo, kwa sababu upo mpira ambao ngozi yake ya ndani imebanduka. Ukiwa baridi umesimama vizuri, ukipata joto na kuvutwa kwa nguvu unajikunja na kuziba. Ikipoteza nguvu bila moshi wowote, mafuta hayafiki. Ikiwashwa tena na kutoa moshi mweupe wa dizeli isiyoungua, huenda kuna hewa ndani ya mafuta. Kanuni hizi zina vighairi vyake, na yeye anavijua, ila haanzi na vighairi.

Kisha anamwita utingo pembeni. Hili nalipenda sana. Dereva anajua gari lilivyokwenda, lakini utingo ndiye aliyeshuka kupiga pampu ya mkono, ndiye aliyegusa kifuniko cha tanki, ndiye anayejua kama mafuta yalijazwa kituoni au yalitoka kwenye dumu la mtu barabarani. Dereva ana sababu za kuficha habari ya dumu mbele ya mwenye gari. Utingo akiulizwa taratibu, peke yake, bila kutishwa, husema. Na habari ya dumu si ndogo: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu inavyotakiwa, na tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba (alama za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachanganyaji.

Sasa chukua Fuso moja ya mpunga, yenye injini ya 6D16, ya zamani kidogo, pampu yake ni ile ya mstari (in-line). Inazima kwenye mpando tu. Haizimi kila siku. Ikizima, dereva anairudisha nyuma hadi penye usawa, utingo anapiga pampu ya mkono, inawaka. Filta zimebadilishwa, pampu imekwenda kupimwa ikarudi na cheti cha uzima. Fundi wetu anasikiliza yote haya, kisha anauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mnajaza mafuta wakati gani? Jibu: mwenye gari anajaza kila tanki likifika nusu, maana hataki kusikia habari za kuishiwa njiani. Na ikizima, tanki linakuwa na kiasi gani? Utingo anafikiri. "Karibu na nusu, mzee. Likiwa limejaa haijawahi."

Fundi hafungui kitu. Anafuata njia ya mafuta kwa macho na vidole, kutoka tanki hadi nozeli, kama mzee wa mfongo (mfereji wa jadi wa Wachagga) anavyoufuata mfereji wake kutoka kwenye banio mlimani hadi mgombani, maji yasipofika. Lakini mzee wa mfongo ana nafuu moja: maji yakipotea, ardhi inalowana, anauona unyevu. Upande wa dizeli unaotoka tanki hadi pampu ndogo hauko hivyo. Pale mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Penye tundu, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Paipu ni kavu, safi, haina hata alama, na ndiyo mbovu. Watu wengi wamekagua njia hiyo kwa kutafuta lilipolowana, wakaondoka wakisema hapavuji.

Kwa hiyo anatengeneza dirisha. Anakata mpira mfupi angavu, ule unaoona ndani yake, anaufunga na klipu mbili kabla ya pampu ndogo. Injini inawashwa. Mafuta yanapita safi, rangi yake ya manjano hafifu, hakuna kiputo hata kimoja. Dereva anaanza kuchoka. Hapo ndipo fundi anapoamuru kitu kinachowaudhi watu wa gereji: magunia yarudishwe juu ya gari. Injini isiyo na mzigo, anasema, haiombi mafuta mengi, na kasoro ndogo haionekani kwa mwenye kiu kidogo. Dizeli inapunguzwa hadi kukaribia nusu. Lori linapelekwa Himo, linapandishwa Marangu, na kijana mmoja amekaa ndani ameinamia ule mpira angavu ambao fundi ameuongezea urefu hadi ukaingia kibini kupitia tundu la sakafu. Wakifika penye mwinuko mkali, kijana anapiga kelele: "Viputo, mzee! Viputo!" Injini inakohoa.

Ukiona watu wamefurahi gari kuharibika, jua ni hao.

Hawajamaliza. Viputo vinasema hewa inaingia, havisemi inaingilia wapi. Fundi anang'oa mpira upande wa tanki, anautumbukiza kwenye dumu la lita 20 lililojaa dizeli, lililofungwa nyuma ya kibini. Lori linapanda tena mlima uleule, mzigo uleule. Safari hii hakuna kiputo. Basi pampu, filta, mipira ya mbele na washa za shaba kwenye maungio yote yamesafishiwa jina kwa mara moja. Kilichobaki ni tanki na mrija wake wa kunyonyea. Wanauchomoa. Katikati ya mrija, karibu na maungio ya zamani, upo ufa mwembamba ambao ukucha unausikia kabla ya jicho. Tanki likijaa, ufa umezama, unanyonya dizeli, hauna madhara. Mafuta yakikaribia nusu, kwenye tambarare bado umezama. Lori likiinua pua, dizeli inakimbilia nyuma ya tanki, ufa unabaki hewani. Na kwa kuwa mwenye gari alikuwa anajaza kila likifika nusu, gari halikupata nafasi ya kusumbua kwenye tambarare, mbele ya fundi yeyote. Uangalifu wake ndio uliouficha ubovu.

Kuuchomelea mrija kwa shaba ni kazi ya nusu saa. (Mrija, nje ya tanki. Tanki lililokuwa na mafuta halisogelewi na moto. Mvuke uliobaki ndani umeua watu.)

Jambo linalofuata wachache wanalifanya, na kwangu ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji. Baada ya kurekebisha, harudishi gari kwa mwenyewe. Anarudisha masharti: mzigo uleule, kiwango kilekile cha mafuta, mpando uleule. Ubovu usipokuja ndipo anaridhika. Na kama ni kasoro ambayo inaweza kurudishwa bila hasara, kwa mfano waya uliolegea, anaulegeza tena kwa makusudi aone kama ugonjwa unarudi. Ukirudi, amekamata mwenyewe. Usiporudi, aliyekamatwa siye, hata kama gari limetulia.

Upande wa umeme una ujanja wake. Malori yana umeme wa volti 24, na waya uliooza kwa kutu hadi kukaribia kukatika bado utaonyesha volti 24 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Weka balbu ya taa ya breki, ya wati 21, na waya huohuo utaumbuka: balbu inafifia, au haiwaki kabisa. Kwa hiyo fundi wa zamani mwenye balbu yenye nyaya mbili mfukoni hayuko nyuma ya wakati. Ila lazima ajue mwisho wake, maana nyaya za sensa za injini mpya zinatumia volti 5 tu na zinaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukizipachika balbu hiyo, unaweza kuiunguza kompyuta yenye bei ya kuuza ng'ombe wote. Huko anashika mita, na mkono mwingine unatikisa fungu la nyaya sentimita kwa sentimita, hasa zinapopita kwenye kona ya chuma, na kwenye boliti ya athi inapofungwa kwenye chesisi. Boliti hiyo yenye kutu imefanya vifaa vingi visingiziwe.

Injini zenyewe zimebadilika, na heshima yangu kwa mafundi hawa inatokana pia na jinsi walivyobadilika nazo. Rudolf Diesel alionyesha injini yake iliyofaulu huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Miaka 30 baadaye, 1927, kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya mstari, na ndugu za pampu hiyo ndizo zilizosukuma mafuta kwenye Scania 112 na 113 zilizozoeleka sana katika barabara zetu. Kwenye hizo, kutafuta silinda isiyofanya kazi ni rahisi: injini ikinguruma, legeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda nzima, mngurumo unabadilika, injini inatetemeka. Ukilegeza ile isiyofanya kazi, hakuna kinachobadilika. Sikio linatosha. Mafundi wa umri fulani wanafanya hivyo wakiongea na simu.

Mwaka 1995 Denso ya Japani iliweka kwenye malori ya Hino mfumo wa komoni reli, ambamo mafuta yanakaa tayari kwenye bomba moja kwa shinikizo kubwa na kompyuta ndiyo inayofungua nozeli. Shinikizo katika mifumo hiyo linapita bar 1,000, na kwa injini nyingi za sasa linakaribia au kuzidi 2,000. Ukilegeza nati hapo injini ikiwaka, mchirizi wa dizeli unaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Ni jeraha la kupelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama linaonekana kama kuchomwa na sindano. Mkono uliozoea miaka mingi kulegeza nati unatakiwa ujizuie. Badala yake fundi anapima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kwa vichupa vilivyopangwa sambamba: nozeli iliyochakaa inarudisha mengi kuliko wenzake, na kichupa chake kinajaa kwanza.

Na kuna kompyuta ya kupimia, ambayo vijana wanaipenda na wazee wanaidharau, na pande zote mbili zinakosea. Msimbo wa hitilafu ukisema shinikizo la reli liko chini, haujasema pampu ni mbovu. Umesema shinikizo liko chini. Sababu inaweza kuwa filta, kiputo cha hewa, mrija wenye ufa, au kifuniko cha tanki kilichozibwa na vumbi kisiruhusu hewa kuingia mafuta yanapotoka. (Hicho cha mwisho kinatambulika bure: gari likizima, fungua kifuniko taratibu, tanki likivuta pumzi kwa mlio, umekipata.) Au ni kipande cha nailoni kinachoelea tankini: injini ikivuta sana, kinanata kwenye mdomo wa mrija, injini ikizima, kinaachia, kinaelea zake. Kompyuta gani itakuandikia habari ya nailoni? Nimeona bili ya pampu mpya iliyonunuliwa kwa sababu ya msimbo, ambapo kilichotakiwa ni kusafisha tanki.

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wanakuja na mambo mazuri: wanasoma mchoro wa umeme, wanajua kutumia mita. Wanachojifunza gereji ni kukaa. Mzee wa gereji anaweza kumwambia kijana, "Kaa hapo, sikiliza, ukisikia imebadilika niite," na kijana akae asubuhi nzima kwenye kibao akisikiliza injini isiyobadilika. Mwezi wa kwanza anaona ananyanyaswa. Baadaye anaanza kusikia feni ikishika, altaneta ikipokea mzigo, tapeti moja iliyolegea kuliko nyingine. Na akija mzee wa kijiji kusalimia, "Leo hamna kazi, meku?" (yaani mzee, kwa Kichagga), yule fundi anamjibu kwamba wana kazi kubwa sana, huku mikono yote iko mfukoni.

Tatizo ni malipo. Tumezoea kumlipa fundi kwa alichofunga: filta kiasi hiki, pampu kiasi hiki, ufundi wa kufunga kiasi hiki. Aliyebadilisha pampu nzima bila sababu anapokea zaidi ya aliyetafuta siku mbili akapata ufa wa kuchomelea kwa nusu saa. Kwa mpango huo tunawafundisha mafundi wetu kubadilisha vifaa, halafu tunalalamika kwamba wanabadilisha vifaa. Lori likisimama linakula fedha, hilo nalijua. Dereva anadai posho, mzigo unasubiriwa, mwenye mpunga anapiga simu. Lakini safari tatu za kurudi gereji kwa ubovu uleule zinakula zaidi.

Basi wewe mwenye lori, gari likizima njiani mwambie dereva wako aandike palepale: saa, mahali, mzigo, kiasi cha mafuta tankini, kama lilikatika au lilikohoa, na rangi ya moshi. Asisafishe kitu, asikaze kitu. Fundi mpe karatasi hiyo, mweleze ukweli wote pamoja na habari ya dumu, na mwachie dereva na utingo awaulize apendavyo. Akikuomba magunia ili arudishe mzigo, mpe. Na akikwambia anataka kukaa na gari siku tatu kabla ya kufungua boliti hata moja, mwachie, na hizo siku tatu umlipe.